Vijana wanaingia kilabu chetu cha petanki, wanakaa miezi miwili, wanapotea. Tunakosea wapi?

Mweka Hazina wa Katuba

Jambo bandugu wote. Naandika kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mweka hazina wa kilabu kidogo cha petanki, tunachezea chini ya miembe miwili nyuma ya ukuta wa shule. Kwa asiyeujua mchezo huu: unasimama ndani ya duara dogo lililochorwa chini, miguu yote imetulia, unarusha bule la chuma likae karibu na kigoroli cha mbao tunachokiita kochone. Anayetangulia kufika pointi 13 ndiye mshindi. Mimi nilifundishwa na baba yangu mdogo aliyekuwa akifanya kazi ya reli, na hadi leo nina mabule yake matatu.

Shida yetu ni hii. Tuko wanachama 22, na mdogo wetu ana miaka 47. Mwaka huu tumezika wawili. Mwezi wa tano, kiangazi kilipoingia na uwanja kukauka vizuri, walikuja vijana 14. Walikuja wenyewe, hatukumwita mtu. Walikuwa wanapita kutoka shule, wakasikia chuma kinagonga chuma, wakasimama. Nilirudi nyumbani siku ile nikamwambia mke wangu kwamba kilabu kimepona.

Kufika mwezi wa kumi walibaki watatu. Leo ni wawili, na mmoja ni mjukuu wangu ninayelala naye nyumba moja, kwa hiyo simhesabu.

Wenzangu wanasema ni simu. Wengine wanasema mtoto wa mji huu anazaliwa akimwota Mazembe, huwezi kumpa bule akaacha mpira wa miguu. Wengine wanataja falanga. Kila neno lina ukweli kidogo, lakini hakuna hata moja linaloeleza kwa nini walikuja. Wale 14 walikuwa na simu tangu mwezi wa tano, na Mazembe ilikuwepo.

Naomba mwenye kujua anisaidie. Nikitazama ile miembe najiuliza miaka kumi ijayo nani atachora duara.

Mota wa Ruashi

Jambo papa. Mi niko na miaka 23, naendesha mota huku Ruashi. Nilikuwaka ku kilabu moja, sitataja jina, miezi tatu. Haikuwa simu. Simu iko mu mfuko, haikataze mukono kurusha bule.

Ilikuwa hivi. Siku ya kwanza banasema "karibu kijana, kaa uangalie." Nikaangalia. Wiki ya pili nikaangalia. Ya tatu banaanza kunituma: okota mabule, leta maji, kimbia pale ununue chupa mbili. Saa kumi na moja na nusu jua inaingia, bazee banachoka, njo banasema "haya sasa batoto mucheze." Tunacheza mu giza, kochone hatuione. Na kila mwezi nalipa sawasawa na bo.

Papa, mutu analipa ili aokote?

Mzee wa Kamalondo

Kijana, nimekusikia na sikukatai, ila naomba unipe nafasi. Sisi tuliokota mwaka mzima kabla ya kuingia duara. Kuokota kulinifundisha. Unaona bule limetua wapi na limeviringika kiasi gani, udongo huu mwekundu unafanyaje asubuhi baada ya mvua, na unafanyaje mwezi wa saba ukiwa mgumu kama tofali. Hakuna aliyenieleza kwa maneno, nililijua kwa mgongo wangu.

Na msisahau mchezo ulitoka wapi. Ulianza kusini mwa Ufaransa, mji wa La Ciotat, mwanzoni mwa karne ya 20. Kulikuwa na mzee anaitwa Jules Lenoir, mchezaji hodari wa ule mchezo wa zamani wa Provence ambao mtu alikimbia hatua kadhaa kabla ya kurusha. Baridi yabisi ikamkamata, hawezi tena kukimbia. Ndipo uwanja ukafupishwa na watu wakakubali kurusha wakiwa wamesimama. Jina petanki lenyewe lina maana ya miguu iliyokita chini. Ni mchezo uliotengenezwa kwa kumheshimu mzee. Sioni kosa mzee akitangulia.

Mweka Hazina wa Katuba

Mzee wangu wa Kamalondo, asante kwa historia hiyo, na niruhusu niirudishe kwako kwa heshima. Lenoir alipougua, wenzake hawakumpa kiti wakamwambia akae aangalie. Walibadilisha sheria ili naye acheze. Kama walimfanyia hivyo aliyeshindwa kwa sababu ya uzee, sisi tunashindwa nini kumfanyia aliye mgeni kwa sababu ya udogo?

Lakini maneno ya Mota wa Ruashi yalinichoma zaidi. Jana usiku nilishindwa kulala, nikatoa daftari la kilabu. Mimi huandika kila Jumapili: timu, majina, pointi. Nimepitia kurasa zote kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi nikitafuta majina ya wale 14.

Nimekuta kijana mmoja tu ndani ya timu ya watu watatu. Mara mbili. Na mara zote mbili aliingia kwa sababu mwenzetu alikuwa msibani.

Kwenye ukurasa wa michango wameandikwa wote, kila mwezi, mpaka walipoacha. Hati ya mkono wangu mwenyewe. Falanga 5,000 za mtoto wa shule, sawa na za mimi mwenye pensheni. Naandika haya nikiwa na huzuni kwelikweli. Nilikuwa natafuta mwizi wa vijana wetu nje ya ukuta.

Dada wa Kampemba

Papa Mweka Hazina, umesema ukweli na nakushukuru. Ngoja niongeze upande wa wasichana, maana hapo juu mmezungumza kama vijana wote ni wavulana.

Nilicheza mara nne kwenye kilabu kimoja hapa mjini. Niliupenda mno. Kuna ile sauti bule lako linapomgonga mwenzake katikati ya uso, likamwondoa, lenyewe likabaki palepale mahali pake. Mara ya kwanza nilipopata hiyo, mikono ilinitetemeka mpaka nyumbani.

Mara ya nne mama yangu alipita njiani. Akaona chupa zimepangwa kwenye ukingo wa uwanja, akaona mzee mmoja amelewa lutuku anaimba, akaniona mimi katikati. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Twende." Basi ikaisha.

Kuna na choo. Mwanaume anaenda nyuma ya ukuta. Mimi niende wapi? Mtu hawezi kukaa muda wa saa nne mahali pasipo na choo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujiuliza kwa nini wasichana wanaondoka mapema.

Tena angalieni saa. Jumapili saa tatu asubuhi niko kanisani na nusu ya vijana wa mtaa wako kanisani. Jumamosi baada ya shule ni mazoezi ya kwaya. Kilabu kilichopanga saa zake hivyo kimeshachagua nani asije, hata kama hakikukusudia.

Mama wa Bel-Air

Nina mtoto wa miaka 12 anayependa michezo ya shabaha. Ningemleta kesho. Nataka tu kujua mambo mawili: anatoka saa ngapi, na jina la mtu mzima mmoja anayemwangalia. Hakuna kilabu kilichowahi kunijibu.

Mwalimu wa Bukavu

Salamu kutoka Bukavu. Nafundisha michezo sekondari. Huku kwetu kupata tambarare ya mita 15 kwa 4 ni kazi kubwa, mji wote umepanda kilima, kwa hiyo ninyi wa Lubumbashi mjue mna utajiri.

Mchezo wenyewe tayari umempangia kijana nafasi, sisi ndio tunaomnyima. Timu ya watatu, kila mmoja ana mabule mawili. Kuna anayesogeza bule karibu na kochone, huyo anahitaji subira na kuijua ardhi, hapo mzee ni mfalme. Kuna wa kati. Na kuna mpigaji, anayerusha hewani mita 7, 8, 9 kuliondoa bule la adui. Mpigaji anahitaji jicho kali na bega lisilouma. Mwekeni mzee asogeze, kijana apige. Hapo hakuna anayemfanyia mwenziwe hisani, kila mmoja anamhitaji mwenzake ili ashinde. Timu za kudumu za marafiki wa miaka 20 ndizo zinazofunga mlango. Andikeni majina kwenye vikaratasi, kofia moja ya wazee, nyingine ya vijana, mchote kila Jumapili.

Pili, mpeni kijana kitu anachoweza kukipima peke yake. Kuna shindano la upigaji tu. Chora duara la kipenyo cha mita 1, weka bule katikati, piga kutoka mita 6, kisha 7, 8 na 9. Mipangilio ni mitano: bule peke yake, bule nyuma ya kochone, bule katikati ya mengine mawili, bule lililojificha nyuma ya jingine, na mwisho kochone yenyewe. Ukikosa ni 0, ukigonga unapata 1, 3 au 5 kufuatana na ulivyogonga. Mapigo 20, juu kabisa ni 100. Wanafunzi wangu wengi walianza na 4 au 6. Akishajua ana 6, wiki ijayo anataka 9. Anarudi kwa ajili ya ile 9.

Mama wa Bel-Air, mtoto wa miaka 12 asirushe umbali wa watu wazima siku ya kwanza. Mtu mzima anacheza kochone ikiwa kati ya mita 6 na 10. Mtoto mpunguzie, aanze na 4 au 5. Na kwa wenye miaka 11 kushuka, kanuni zinaruhusu bule dogo la gramu 600 lenye kipenyo cha milimita 65. Bule la mtu mzima linaanzia gramu 650 hadi 800, mkono wa mtoto unachoka kabla moyo haujachoka.

Waambieni na hili: Madagaska walikuwa mabingwa wa dunia mwaka 1999, kwenye kisiwa jirani cha Réunion. Mtoto wa Afrika anayefikiri huu ni mchezo wa wazungu wazee ahadithiwe habari hiyo.

Mota wa Ruashi

Mwalimu, na mabule tutatoa wapi? Seti ya mashindano ni bei. Kuna barafiki banaleta ile mipira ya chuma ya mashine za kusaga mawe ya shaba. Inafaa?

Mwalimu wa Bukavu

Hapana ndugu yangu, tafadhali. Ile imejaa chuma ndani. Bule la petanki lina uwazi ndani. Mpira wa kusagia wenye kipenyo kilekile, milimita 75 hivi, utakaribia kilo 1.7. Ni zaidi ya mara mbili. Utaumiza kifundo cha mkono, na ukigonga mguu wa mtu ni hospitali. Afadhali seti za bei nafuu za kujifurahisha, au wazee waazimishe. Seti za mashindano, zile zilizokubaliwa na shirikisho la dunia, Ulaya zinaanzia euro 60 hivi na kupanda hata kupita 200. Mwanzoni hakuna mtoto anayezihitaji.

Mzee wa Kamalondo

Nina seti mbili nyumbani. Moja ilikuwa ya rafiki yangu aliyefariki, mjane wake alinipa niitunze. Imekaa chini ya kitanda miaka sita. Nimesoma maneno ya binti wa Kampemba mara mbili. Mimi pia nina wajukuu wa kike. Mweka Hazina, nitumie ujumbe uniambie uwanja wenu uko upande gani wa soko.

Mweka Hazina wa Katuba (wiki tano baadaye)

Bandugu, narudi na habari. Sitapamba.

Niliitisha mkutano, nikasoma daftari kwa sauti: tarehe, timu, majina. Sikumlaumu mtu, nilisoma tu. Prezida wetu alinyamaza muda mrefu. Kisha tukakubaliana hivi: kijana analipa falanga 1,000, na asiye nazo anachora uwanja na kulitunza daftari kwa mwezi huo. Hakuna chupa uwanjani mpaka mchezo uishe, tunakunywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, ambao mke wa mwenzetu anaupika. Saa ni tisa mchana Jumapili, mwisho saa kumi na moja u nusu, na mtu mzima wa kuwaangalia watoto ni mimi, jina langu na namba yangu viko kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Choo tumeomba kwa mlinzi wa shule, anatupa ufunguo. Ilikuwa ni kuomba tu. Miaka yote hiyo hatukuomba.

Wenzetu wawili wamekasirika kwa sababu ya chupa, hawaji. Nilikwenda nyumbani kwao, sikufanikiwa. Inaniuma, ni marafiki zangu. Nitarudi tena.

Vijana: nilitembea mlango kwa mlango na majina yale 14. Sita wamerudi. Wawili wamekwenda machimboni Kolwezi. Mmoja aliniambia wazi hataki tena, nikamshukuru kwa kunijibu. Na wamekuja watatu wapya, wawili ni wasichana.

Sasa niwaeleze Jumapili iliyopita. Tulichota vikaratasi. Prezida wetu, mwenye miaka 71, akaangukia na kijana wa miaka 16 awe mpigaji wao, na msichana mmoja katikati. Mchezo ukafika 11 kwa 11. Mzee amesogeza vizuri, bule lake liko jirani kabisa na kochone, na la wapinzani liko upande wa pili, karibu sawa. Prezida akasema kwa sauti, "Sisi ndio tunashika," yaani bule letu ndilo lililo karibu zaidi. Hakuna mtu kwenye kilabu chetu anayembishia prezida.

Yule kijana akaomba mita. Akapiga magoti kwenye vumbi, akavuta mita kutoka kochone hadi bule letu, akarudia mara ya pili, kisha kwa bule la wale. Akanyanyua kichwa, akasema polepole, "Papa, wao. Sisi ni 32, wao 31 na nusu."

Palikuwa kimya. Ni timu yake mwenyewe aliyoipimia kinyume. Prezida akatoa miwani mfukoni, akapiga magoti naye, jambo ambalo magoti yake hayalipendi, akaitazama mita. Kisha akashika bega la kijana ili anyanyuke. Akasema, "Mtoto anaona. Basi sisi ndio tunaorusha. Piga."

Kijana alikuwa na mabule mawili mkononi, umbali mita 8 hivi. La kwanza lilipita juu kwa upana wa kidole. La pili likagonga, lakini kwa pembeni, likaisukuma kochone moja kwa moja upande wa wapinzani. Tukapoteza 13 kwa 11. Nasema "tuka" ingawa mimi nilikuwa natunza daftari.

Nilimwangalia yule mtoto usoni, nikajua kama ni kumpoteza, ni leo. Prezida akamwendea, akamshika kifundo cha mkono, akamwonyesha namna unavyogeuka mapema mno anapoachia. Walisimama pale wawili wao mpaka jua likazama, mzee akirudia mkono, kijana akirudia mkono.

Jumatano mchana nilipita uwanjani kuchukua reki yangu. Kijana alikuwa peke yake chini ya mwembe na mabule matatu ya kuazima. Amechora duara la mita 1 la yule mwalimu wa Bukavu. Kwenye mlango mbovu tuliousimamisha ukutani kama ubao, ameandika jina lake kwa chokaa, na mbele yake 11.

Dada wa Kampemba

Papa, wale wasichana wawili wanatoka upande gani? Nauliza kwa sababu mama yangu amesoma uzi huu wote.

Mweka Hazina wa Katuba

Binti yangu, wote wawili ni wa hapahapa Katuba, na mama wa mmoja anakaa nao mpaka mwisho. Mwambie mama yako aje naye aone kwa macho. Kiti kipo.

Mota wa Ruashi

Mvua je? Sasa iko inanyesha kila mangaribi. Batoto batapotea tena.

Mweka Hazina wa Katuba

Hilo ndilo linanitia wasiwasi sasa, sikufichi. Mpaka mwezi wa tatu mvua ni za mchana na jioni, ndiyo saa yetu. Tumechimba mfereji upande wa juu na Jumamosi tunamwaga changarawe. Mvua ikitukamata tunaingia barazani kwa shule, tunasoma kanuni, tunapima mabule kwenye mizani ya mama wa sokoni, kila kijana anajifunza kushika mita. Jumapili mbili zimepita hivyo na hakuna aliyekimbia kabla ya saa. Nitaandika mwezi wa tatu niwaambie wamebaki wangapi.

Mzee wa Kamalondo alifika juzi kwa basi, seti ya rafiki yake ameifunga kwenye kitenge. Ameisugua kutu yote. Ina gramu 680, inawafaa wasichana. Ameniambia mjane wa marehemu anataka kuja kuiona inachezwa. Kwa hiyo Jumapili, saa tisa, chini ya miembe. Mwenye bule la ziada alilete.